Daftari la Mvua, Njoro

Saa tatu asubuhi, kila siku iendayo kwa Mungu,
navuka nyasi za nyuma ya Idara ya Udongo,
chupa ya kipimo mfukoni mwa koti.
Nafungua kifuniko cha shaba, namimina, nainama
mpaka jicho liwe sawa na maji.
Kumi na mbili nukta nne.
Naandika.

Wageni wa mahafali, viatu vyao vikizama topeni,
wakiniuliza historia ya chuo
nawaonyesha jiwe la msingi kule langoni.
Yangu mimi imo kabatini: madaftari sitini na tisa,
mengine yameliwa pembe na mende.

La kwanza lina mwandiko wa kulala, wino mweusi,
inchi, si milimita.
Ilikuwa shule ya shamba wakati huo,
vijana wa kizungu wakifundishwa ngano na kondoo.
Aliyeandika ametia sahihi. Aliyechota maji hakutia.
Ila ukurasa wa Aprili una alama ya kidole gumba,
udongo mwekundu,
na hicho si kidole cha mshika kalamu.

Kisha anaingia Arap Sigilai,
tarakimu kubwa kubwa, kama mtu apandaye viazi,
kila moja na shimo lake.
Shule ikawa chuo, wakaja wanafunzi wa rangi yetu
na masanduku ya bati vichwani; inchi zikawa milimita;
chuo kikawa chuo kikuu, bendi ikapigwa,
na yeye siku hiyo kaandika tu:
*Mawingu. Hakuna mvua. Watu wengi wamekanyaga nyasi.*

Ndiye aliyenifunza.
Usiandike unachodhani, alisema.
Sufuri nayo ni jibu.

Mwaka wa ukame sufuri zilipangana ukurasa mzima
kama mayai ya kware.
Mwaka wa mgomo nilipima maji yenye harufu ya pilipili,
macho yakinitoka machozi, nikaandika: mbili nukta moja,
nisijue ngapi kati yake zilikuwa zangu.
Juu ya hesabu hizi watu wamepanda hadi uprofesa.
Sisi tumo ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho,
"na wafanyakazi wa kituo".

Mwaka huu kaja Nekesa Wafubwa, binti wa Kimilili,
anatafuta shahada ya uzamili.
Kaketi sakafuni wiki saba, kompyuta mapajani,
akiingiza mvua yote, kuanzia ile ya inchi.
Akafika Januari, elfu mbili na nane. Akanyamaza.
"Mama, hapa pana siku kumi na tisa tupu.
Nikadirie? Ipo fomula."

Siku hizo nilikuwa Nakuru, uwanja wa maonyesho,
chini ya turubai, mahali pa kukaguliwa ng'ombe wa zawadi.
Usiku mmoja ilinyesha, nje ya msimu.
Maji yalimfika mwanangu kwenye kifundo cha mguu.
Najua yalikuwa kiasi gani, nilisimama ndani yake.
Lakini kifundo cha mtoto hakina nukta,
na huku Njoro chombo kilijaa chenyewe,
au hakikujaa. Hapakuwa na wa kuinama.

Niliporudi, Februari, nilikuta nyasi zimefyekwa
duara safi kukizunguka kipimamvua.
Mpaka leo sijauliza ni nani.

Nikamwambia Nekesa: acha tupu.
Kompyuta ikalalamika kwa mstari mwekundu.
Akaacha.

Sasa wameleta mtambo unaojiendesha, mlingoti mweupe,
hutuma hesabu Nairobi bila kulowa miguu.
Juzi buibui kafuma utando mdomoni mwake, majani yakanasa;
radi ikapasua usiku kucha, nao ukaandika sufuri.
Mimi nilipata thelathini na moja nukta sita.
Tumepeleka zote mbili, wachague.

Nastaafu mwezi wa sita.
Bado hawajaniambia
chupa nimkabidhi nani.